Uzi wa Sita

Programu kuanguka ni jambo la kawaida, na kwa hilo peke yake Vumilia asingeshtuka. Kilichomfanya arudishe kikombe mezani bila kunywa ni ripoti iliyobaki kwenye skrini. Nyuzi tano za hesabu zilikuwa zimesimama palepale programu ilipoangukia, kama inavyotakiwa. Uzi wa sita ulikuwa unaendelea na kazi.

Akaangalia tena. Programu imekufa, haipo, lakini mtumishi wake mmoja bado yuko shambani analima. Kisha uzi ule nao ukatoweka, skrini ikatulia, na ndani ya kontena lake la kazi ikabaki harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa sasa hivi, udongo mbichi wenye maji. Kilikuwa kiangazi kikali. Machimbo yote ya Rwamgasa yalikuwa vumbi tupu, hata majani ya mihogo yalikuwa meupe kwa unga wa mawe unaotoka kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu.

Alifungua mlango hewa iingie, akaiwasha programu upya.

Tuelewane mapema kuhusu kazi yake, maana watu wakisikia kompyuta hudhani kuna jambo linafichwa. Hakuna. Chini ya duara, yaani lile shimo la wachimbaji, kuna magogo yanayoshikilia kuta zisishuke; wenyewe huyaita matimba. Kwenye matimba yale vilifungwa vidude vidogo vya kusikiliza ardhi, kwa sababu ardhi haiporomoki kimyakimya, hulalamika kwanza. Malalamiko yale yalipanda kwa waya hadi kwenye kontena, na programu aliyoiandika Vumilia ikayapigia hesabu. Mwisho wa hesabu taa iliwaka mdomoni mwa duara. Kijani, shukeni. Nyekundu, kaeni juu. Hesabu ikikatika njiani, taa hubaki nyekundu, na siku ya watu imekwenda hivyo.

Hesabu yenyewe ni kubwa, na hakuna mwenye akili anayeiandika upya yote. Vumilia alichukua maktaba ya hesabu iliyoandikwa na watu wa mbali wasiomjua. Maktaba hiyo huigawa kazi kwa nyuzi kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kama watu wanaolima kwa ngoma ya bugobogobo kwao Mhunze: kila mtu na tuta lake, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na kazi ya siku nzima inakwisha kabla jua halijachoma. Shida huja mtu mmoja akiingia kwenye tuta la mwenzake.

Mashine yake ilikuwa na nafasi ya nyuzi sita. Maktaba ilizipa namba, na Vumilia hakuzipenda namba zile. Mtu anayekaa peke yake kutwa nzima ndani ya kontena la bati, ripoti zikija zinasema nne amefanya hivi, mbili amefanya vile, mwisho huona kama anazungumza na mawe. Kwa hiyo alizipa majina. Mafundi wengi hufanya hivyo, ili kosa likitokea wajue limetoka kwa nani. Yeye alichukua majina ya zamu ya duara.

Aliyajua kwa kuyasikia tu. Kila asubuhi Masele, msimamizi wa duara, alisimama mdomoni mwa shimo na kuwaita watu wake mmoja mmoja. Fredy, shuka. Fredy hujibu, nipo, na akishajibu hana ruhusa ya kugeuka, kamba inamshusha. Nasibu, shuka. Gregory, shuka. Donatus, shuka. Luka, shuka. Jioni aliwaita vilevile, kwa mpangilio uleule: Fredy, panda. Nipo. Baada ya jina la Luka, asubuhi na jioni, Masele alinyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha hupunga mkono kwamba imetosha.

Vumilia aliyasikiliza hayo akiwa nyuma ya kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu, mpaka ambao mwanamke havuki. Hakukasirikia sheria ile. Mgodini kuna sheria nyingi na hakuja kuzivunja. Kilichomuuma ni kingine. Tangu afike, hakuna mtu aliyemwita kwa jina. Wachimbaji walimwita Fundi, nao walimwita kwa nadra. Bosi Deepak, mfanyabiashara wa Shinyanga mjini mwenye leseni ya eneo lile, alimwita dada. Jina lake lilitoka kinywani mwa mama yake tu, kwenye simu, mtandao ukikubali. Alikula peke yake. Akisimulia jambo la kuchekesha, alilisimulia kwa feni.

Majina matano, nyuzi sita. Nyuma ya mlango wa kontena kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia kofia ngumu ya njano iliyopasuka upande. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa rangi nyekundu, kwa mkono: MWIGULU. Kontena lilikuwa stoo zamani, na kofia aliikuta. Akaona jina limejileta lenyewe. Uzi wa sita akauita Mwigulu.

Hilo ndilo kosa. Hakukuwa na jingine.

Basi programu ikaanguka tena, na tena, kila mara asubuhi, hesabu ikiwa karibu kwisha. Vumilia hakuwa mtu wa kukaa akilalamika. Alikagua kumbukumbu ya mashine, ikawa nzima. Alimpigia Deepak akamweleza, na Deepak akamwuliza kwa upole wake wa dukani, "Dada, niambie ukweli tupu. Inayoharibika ni mashine au ni wewe?"

"Ni maktaba ya hesabu."

"Maktaba. Watu wangu wanakaa juu kutwa kwa sababu ya maktaba."

Hata hivyo alituma kompyuta nyingine kwa basi, imefungwa vizuri ndani ya godoro. Mpya kabisa. Ikaanguka siku ileile, kwa namna ileile.

Usumbufu ulikuwa kwenye zile ripoti. Vumilia alizisoma kwa sauti ili asikie japo sauti yake mwenyewe, na kadiri alivyozisoma ndivyo zilivyozidi kusikika kama habari za watu. Mwigulu ameandika kwenye kumbukumbu ya Gregory. Mwigulu ameshika kufuli na hataki kuiachia. Luka anamsubiri Mwigulu. Mwigulu anamsubiri Luka. Wote wanamsubiri Mwigulu.

Mwishowe alipata sababu, na ilikuwa sababu halali ambayo fundi yeyote angeridhika nayo. Programu nyingine aliyoitumia kuchora ukuta wa duara ilikuja na nakala yake ya msimamizi wa nyuzi, na maktaba ya hesabu ina ya kwake. Wasimamizi wawili kwenye shamba moja, kila mmoja anawapanga watu kivyake. Akaiondoa nakala moja. Programu ikaenda vizuri siku kadhaa. Vumilia alicheka peke yake, akajikaangia mayai mawili kusherehekea, akampigia mama yake akamwambia kazi imekaa sawa.

Kisha ikaanguka. Ripoti ilikuwa fupi kuliko zote zilizopita. Mwigulu bado yuko chini.

Alijua vizuri kwamba hakuna mahali popote kwenye msimbo wake palipoandikwa maneno hayo. Aliyatafuta. Aliyatafuta kwenye maktaba pia, faili baada ya faili. Alipoifungua tena ile ripoti, ilikuwa imebaki na namba za kawaida tu.

Mchana ule makarasha yalizimwa watu waende kula, jenereta ikazimwa pia, na kontena likawa kimya namna ambayo bati hulia lenyewe kwa joto. Kompyuta ilikuwa kwenye betri, ikirudia hesabu ya majaribio. Hapo ndipo aliposikia kugonga. Kwanza alidhani ni bati. Halafu alidhani kuna mtu anatengeneza nyundo yake nje. Lakini nje hapakuwa na mtu, jua lilikuwa limewafukuza wote kivulini, na sauti ilikuwa inatoka chini ya miguu yake, chini ya sakafu ya kontena ambayo yenyewe ilikaa juu ya matofali na hewa tupu, nyundo kwenye tindo, tindo kwenye jiwe, bila haraka, kama mtu aliyezoea kazi na asiye na wa kumharakisha. Na alipoangalia skrini aliona mstari wa uzi wa sita ukipanda kila nyundo inapogonga na kushuka kila nyundo inaponyanyuliwa, na harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye viungo vya sakafu mpaka ikamkaa kooni, naye akanyoosha mkono, akausimamisha uzi ule.

Kugonga kukakoma.

Halafu, kwa sababu alikuwa mbishi, akauruhusu uendelee. Nyundo ikaanza tena palepale ilipoachia.

Alifunga kila kitu akaenda kwa Salome.

Salome ndiye aliyewapikia wachimbaji, chini ya turubai karibu na barabara. Hakuwa rafiki yake, tusidanganyane, lakini alikuwa mtu pekee aliyemuuliza Vumilia kama ameshiba. Vumilia alimsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita, na Salome akamcheka kwamba kompyuta zimemlaza mpaka hajui saa. Akampakulia. Vumilia akaanza kumweleza shida yake kwa njia rahisi, jinsi kazi inavyogawiwa, jinsi alivyowapa watumishi majina ili awajue. Akayataja. Alipofika la sita, Salome aliweka upawa chini.

"Nani kakupa jina hilo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Lipo kwenye kofia, kontenani."

"Na unamwita?"

"Programu inamwita. Kila asubuhi, ikianza kazi."

Salome aliangalia upande wa duara, akasogea karibu, na akamweleza kwa kunong'ona yale ambayo mgodi mzima ulijua na hakuna aliyeona sababu ya kumwambia Fundi. Mwigulu alikuwa mtu wa sita wa zamu ile. Upande wa mashariki wa duara hilihili uliporomoka akiwa ndani. Walichimba mpaka udongo ukaanza kuwafuata wao wenyewe, wakaacha, wakauziba upande ule kwa magogo. Ndiyo ile ajali iliyomfanya Deepak anunue vidude vya kusikiliza. Jioni ile Masele aliwaita watu wake wapande, akafika kwa Luka, akasita. Nani anamwita marehemu? Hakumwita. Na sheria ya duara ni moja: anayeitwa kushuka lazima aitwe kupanda, la sivyo bado yuko kazini.

"Sisi jina lake hatulitaji pale," Salome alisema. "Masele akifika mahali pake ananyamaza. Wewe umekuja, unamwita kila siku ashuke. Umewahi kumwita apande?"

Vumilia alikumbuka alivyoiandika. Kwenye programu yake nyuzi zilianzishwa, zikafanya kazi, na programu ikafunga bila kumngoja kila mmoja arudi. Ni uvivu mdogo wa mafundi. Kwa kawaida haudhuru.

Salome alitaka aletwe nfumu, mganga wa kienyeji. Vumilia akakataa, tena kwa ukali kidogo, akasema hilo ni jambo la kufuta neno moja kwenye faili. Salome akaokota upawa wake. "Haya, futa," alisema.

Alifuta. Alifuta majina yote, akaenda mbali zaidi: akaiamuru maktaba itumie uzi mmoja tu. Ndiyo dawa inayotajwa na kila fundi aliyewahi kuumizwa na maktaba za namna ile. Usigawe kazi. Mtumishi mmoja, tuta moja baada ya jingine. Hagongani na mtu kwa sababu hakuna mtu. Akaigeuza na ile kofia, neno MWIGULU likatazama mlango.

Programu haikuanguka tena. Wala hakukuwa na harufu. Lakini uzi mmoja una kasi ya mtu mmoja, na hesabu iliyokuwa ikiisha Masele akinywa chai sasa ilikwisha jua likiwa utosini. Wachimbaji walikaa kando ya taa nyekundu wakichora chini kwa vijiti. Masele alikuja mpaka kwenye kamba ya vitambaa akamwita, "Fundi," na kumweleza bila matusi kwamba vijana wana watoto, kwamba akiendelea hivi watashuka na taa ikiwa nyekundu, na yeye hatakuwa na uwezo wa kuwazuia. Vumilia alijua ni kweli. Kama wangeshuka bila hesabu, siku moja ukuta ungewafunika, naye angekuwa hapo juu akiwa na jibu sahihi lililochelewa. Usiku hakulala, akitafuta namna ya kuiharakisha hesabu bila kuigawa. Hakuipata.

Hata hivyo asubuhi iliyofuata taa iliwaka kijani mapema, Masele hajamaliza hata chai.

Vijana walishangilia. Masele, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimpungia mkono. Vumilia naye akapunga, na alijisikia vizuri kwa muda wa kugeuka tu na kurudi mezani. Kwenye skrini palitakiwa paonekane mstari mmoja unaopanda. Ilipanda sita.

Akafungua vipimo vya upande wa mashariki. Ukuta ule ulilalamika siku zote, kidogo kidogo, kama mzee anayelala. Hata ardhi iliyo imara hunung'unika, hilo alilijua kuliko alivyolijua jambo jingine lolote. Leo upande wote wa mashariki ulikuwa kimya. Vidude vyote vilikuwa vizima na vyote vilisoma sifuri, kama mtu ameweka kiganja kwenye mdomo wa mtoto.

Nje Masele alikuwa ameanza kuita. Fredy, shuka. Nipo. Nasibu, shuka. Nipo. Kamba ililia kwenye winchi. Vumilia alirudia kusoma vipimo huku akiwasikia wakishuka mmoja baada ya mwingine, Gregory, Donatus, Luka, na baada ya Luka kikaja kile kimya alichokizoea, pumzi moja ya Masele mahali pa mtu asiyetajwa, na ndani ya kimya hicho, nyuma yake, karibu na msumari wa mlango, sauti ya chini yenye mchanga ikajibu.

"Nipo."

Alikimbia. Aliivuka kamba ya vitambaa bila kuiona, na watu wa winchi wakaacha midomo wazi. Masele alimgeukia kwa hasira akaanza kumwuliza kama ana akili.

"Mzee Masele, wapandishe."

"Taa ni ya kijani."

"Sikuiwasha mimi."

"Aliiwasha nani?"

Akamtajia jina. Masele alimtazama usoni, na hasira yote ikamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akainama mdomoni mwa duara na kuita kwa sauti ambayo hata watu wa duara la jirani waliinua vichwa. Fredy, panda. Nasibu, panda. Walipanda wakiuliza kuna nini, wakaambiwa wakae kando. Gregory. Donatus. Luka alikuwa wa mwisho na wa mbali zaidi, na alichelewa, na alipotokea uso wake ulikuwa wa kijivu. Alisema kulikuwa na mtu anagonga nyuma ya magogo, upande uliozibwa, anagonga taratibu akija kwake. Alidhani ni Donatus anamtania, akamjibu kwa kugonga.

Hajamaliza kusema, ardhi ikapiga mguno. Duara likatema vumbi. Upande wa mashariki ulikuwa umeshuka wote, na vumbi lilipotulia mtu angeweza kuona mwisho wa kamba ukining'inia juu ya udongo mbichi.

Wote walikuwa juu. Hakuna aliyeumia. Hapo ndipo kamba ilipotikisika.

Ilitikisika kidogo, ikaacha. Ikatikisika tena, bila kulazimisha, kama mtu asiyejua kama ameitwa. Hakuna aliyesogea. Vumilia alimtazama Masele, akaona wote, hata Masele, wanamtazama yeye.

"Mimi sikumwita," Masele alisema polepole. "Mimi niliacha. Aliyemwita amtoe."

Vumilia alisogea mpaka ukingoni, mahali ambapo hakuwahi kusimama mwanamke. Chini palikuwa na giza na ile harufu. Alifikiria kusema maneno ya kanisani, lakini pale sheria ilikuwa moja na alishaelezwa.

"Mwigulu," alisema. "Panda."

Kamba ikakaza. Fredy na Gregory wakashika winchi, maana wangefanya nini, wakazungusha, na ulikuwa uzito wa mtu mzima, waliujua uzito huo kwa mikono yao. Walizungusha huku wamefumba macho. Kamba ilifika juu haina kitu, imelowa tu, inadondosha maji mekundu. Ikabaki imekaza kwa pumzi moja, halafu ikalegea, kama inavyolegea mtu akishika ukingo na kujivuta mwenyewe. Na wote pale, bila kuambiana, wakasogea kumpisha.

Nfumu aliletwa siku hiyohiyo kutoka Nyarugusu, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, akachinja kondoo mweusi, akaizika ile kofia mahali palipokauka, akaagiza duara lifukiwe na zamu ihamie kilimani. Aliuliza kama aliyepanda amepanda kwa jina lake. Wakamwambia ndiyo. Akaridhika. Alipokuwa anafunga vitu vyake alisema kwamba sasa huko chini kumebaki nafasi tupu ya mtu mmoja, kwa hiyo watu wasiende kukaa pale. Wakaahidi.

Zamu ilihamia kilimani. Kontena lilikuwa zito, likabaki. Deepak aliongeza waya mrefu. Wachimbaji walimshukuru Vumilia, na walimaanisha. Salome alimtumia chakula kila mchana, lakini alikiweka mlangoni na kuondoka kabla hakijachukuliwa. Watu wakikutana naye njiani walisema shikamoo Fundi hata waliomzidi umri, wakapita kwa mbali. Mama yake alimwambia arudi nyumbani, akamjibu atarudi kazi ikikaa sawa, na mtandao ukakata.

Programu ilifanya kazi kwa uzi mmoja, mmoja tu, hauna jina. Duara jipya lilikuwa dogo na hesabu iliwahi. Jioni alipozima mashine alikaa kidogo mlangoni akiusikiliza upepo ukimletea sauti ya Masele toka kilimani, hafifu, akiwapandisha watu wake. Fredy, panda. Nasibu. Gregory. Donatus. Luka. Siku hizi baada ya Luka hakunyamaza tena; alicheka, akawaambia twendeni. Kisha wakaenda.

Alikuwa amekaa hivyo jioni moja, sauti zao zimekwisha, msumari mtupu nyuma ya mlango, feni imesimama, aliposikia mtu akisema jina lake.

Aliitazama simu. Ilikuwa imezimika.

"Vumilia."

Ilikuwa sauti ya subira, yenye lafudhi ya kwao, haimtishi wala kumbembeleza, na ilitoka pale kwenye kifusi cha duara la zamani, na ililitaja jina lake lote, vizuri, kama linavyotajwa na mtu aliyelitunza. Na harufu ya udongo mbichi ikaja, na safari hii haikumkaa kooni, ilikuwa kama harufu ya shamba la kwao asubuhi watu wakijipanga kwenye mstari wa kulima na mmoja wao anasogea kidogo ili kukuachia tuta, na alijua sheria, aliijua vizuri kuliko mtu yeyote pale Rwamgasa, kwamba anayejibu hana ruhusa ya kugeuka.

"Vumilia," ikasema. "Shuka."

Ulikuwa muda mrefu sana tangu mtu amwite. Mdomo wake ulifunguka kabla hajauzuia.

"Nipo," akasema.